Vigilant, alert, wary, cautious au watchful: lipi uandike wapi

Haya maneno matano ya Kingereza yanachanganya watu kila siku na wala sio kosa la watu, kamusi nyingi ukifungua utakuta yote yamepewa "makini", "macho", "-angalifu" basi imeisha, sasa mtu anaandika CV ya kazi ya ulinzi anachukua lile linalosikika zito kuliko mengine na mara nyingi linalochukuliwa ni vigilant. Mi sina ugomvi na vigilant, ni neno zuri sana, ila lina kazi yake maalum na ukilitoa pale linaanza kuchekesha.

Mwenye haraka achukue hii aende zake: vigilant ni mtu anayekesha, alert ni mtu aliye macho saa hii, wary ni mtu ambaye machale yamemcheza kuhusu kitu au mtu fulani, cautious ni mtu anayepima kabla ya kutia mguu, watchful ni yule asiyebandua jicho. Mliobaki twende taratibu maana utamu uko ndani.

Vigilant mzizi wake ni Kilatini, vigilare, kukesha, na huko ndo linatoka neno vigil ambalo ni mkesha, ule ule wa kanisani au ule wa mishumaa watu wanapoomboleza. Ukishika hilo la mkesha nusu ya kazi umemaliza, kwa sababu vigilant ndani yake kuna muda. Sio tu kwamba upo macho, upo macho tangu jioni na utaendelea kuwa macho hata kama hakuna kilichotokea, hakuna dalili yoyote, na wenzako wote wameshalala zamani.

Wanaosoma Biblia wana mfano mzuri mkononi, 1 Petro 5:8. King James ya 1611 inasema "Be sober, be vigilant" na Union Version yetu ikaandika "Mwe na kiasi na kukesha", wamelipatia kabisa, maana adui wa pale ni simba angurumaye anayezunguka-zunguka na simba hana ratiba. Afu cheki kitu kimoja: tafsiri mpya zaidi za Kingereza, ESV mstari huo huo wameweka "be watchful", NIV ya sasa wameweka "Be alert". Kigiriki kilichoandikiwa barua hiyo ni kimoja, ni kitenzi kile kile kilichozaa jina Gregory, maana yake kuwa macho, lakini Kingereza kimetoka na maneno matatu tofauti. Usiseme basi yote sawa. Vigilant linasikika la kikanisa na zito kidogo, alert linaeleweka hata na mtoto wa shule, watchful liko katikati, na kila watafsiri walikuwa na wasomaji wao kichwani. Kwa mahubiri mimi ningebaki na vigilant kwa sababu ndo pekee ambalo bado lina harufu ya usiku kucha.

Na kukesha ni kazi ngumu, imeshapimwa hiyo. Vita ya pili ya dunia jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na shida na watu wa rada kwenye ndege za doria, mtu anakaa anakodolea kioo masaa na masaa akitafuta nyambizi za Wajerumani, baada ya muda vialama vinapita mbele ya macho yake na havioni. Mwanasaikolojia mmoja wa Cambridge, Norman Mackworth, akatengeneza kitu kama saa ya ukutani, mshale unaruka hatua moja kila sekunde, mara chache sana unaruka mbili kwa mpigo, kazi yako ni kubonyeza ukiona ile ya mbili. Masaa mawili umekaa hapo peke yako. Akachapisha 1948: watu wanaanza vizuri lakini ndani ya nusu saa ya kwanza tu wameshaanza kupitwa. Tangu hapo vigilance kwenye saikolojia ni neno la kitaalamu kabisa, uwezo wa kushikilia umakini muda mrefu kwenye kitu kinachoboa. Ndo maana nikiona kampuni imemweka mlinzi getini kumi na mbili kwa kumi na mbili, kiti cha plastiki, hana hata mtu wa kumshikia nafasi akaenda chooni, afu ukutani wamebandika "BE VIGILANT AT ALL TIMES", najiulizaga aliyebandika lile karatasi kama amewahi kukesha hata msibani.

Waingereza wana nyambizi inaitwa HMS Vigilant, moja kati ya nne zinazobeba makombora ya nyuklia, na utaratibu wao tangu 1969 ni kwamba lazima kuna nyambizi moja ya hivo iko doria baharini muda wote, ikirudi moja nyingine ipo, zinapokezana kama walinzi wa zamu. Hapo jina limekaa penyewe.

Sasa alert. Hili ni la Kiitaliano, all'erta, kelele ya askari kwa askari, yaani panda kule juu ukatazame, likapitia Ufaransa likaingia Kingereza. Kelele ya kushtua, ya sasa hivi. Kwetu hiyo ni "kaa chonjo", Nairobi watakwambia "kaa rada", na wote mnaelewana hakuna mtu anayezungumzia mkesha wa usiku mzima hapo, ni zindua kichwa chako sasa. Kuna hadi sehemu inaitwa Alert, iko Kanada juu kabisa karibu na ncha ya kaskazini, imepewa jina la meli HMS Alert iliyokaa maeneo hayo kipindi cha baridi cha 1875 na 1876, na leo kuna kituo cha jeshi la Kanada cha kunasa mawasiliano ya redio. Yaani mahali penyewe kazi yake ni kutega sikio.

Tofauti ya hawa wawili ndo inayokosewa zaidi kwa hiyo nakaa nayo kidogo. Chukua dereva wa basi la mkoani. Amelala mchana vizuri, saa nane ya usiku macho makavu kabisa, kichwa kinafanya kazi: huyo yuko alert. Lakini kama anachati na simu mkono mmoja, huyo sio vigilant hata kidogo. Vigilant ni yule ambaye kuanzia anatoka Dar mpaka anaingia Mwanza kila baada ya muda anapitisha jicho kwenye kioo cha pembeni, taa za dashibodi, mwendesha baiskeli asiye na taa, punda, lori lililoharibika limewekewa matawi barabarani, na anafanya hivo kilomita ya kwanza na anafanya hivo kilomita ya elfu moja. Alert inaelezea hali ya kichwa chako. Vigilant inaelezea jinsi unavyofanya kazi yako. Unaweza kuwa alert bila kuwa vigilant, kinyume chake ni ngumu.

Wodini alert ina maana ya kitaalamu na huwezi kuibadilisha na ndugu zake. Kuna kipimo cha haraka kinaitwa AVPU, mgonjwa anapangwa kwenye moja ya herufi nne: A ni alert, ameamka anaitika mwenyewe, V anaitika ukimsemesha, P anaitika mpaka umfinye, U haitiki kabisa. Nesi akiandika "patient is alert" daktari anapumua. Akiandika "patient is vigilant" daktari atafikiri mgonjwa analinda simu yake isiibiwe. Na kuna hypervigilant, hiyo ni dalili wanayoizungumzia sana kwa watu waliopitia vita au ukatili, mtu mwili wake umegoma kushusha ulinzi, mlango ukigongwa kidogo anaruka, akiingia hotelini lazima akae mgongo uko ukutani. Hiyo sio sifa ya kuandika kwenye CV jamani, niliwahi kuiona.

Kitu kingine kuhusu alert, unaweza kumsifia mzee. Babu wa miaka tisini anakumbuka bei ya sukari ya kila awamu ya uongozi, "he is still very alert". Ukisema vigilant umemfanya mlinzi wa zamu. Afu alert inabadilika umbo inavyotaka, ni sifa, ni jina, ni kitenzi, benki inakutumia alert, unaalert wenzako, polisi wako on high alert. Vigilant haijui hayo, ni sifa tu, ukitaka jina ni vigilance na kitenzi hamna.

Wary ndo ninayoipenda kuliko zote na ndo watu wanaisahau. Hii ina mtuhumiwa. Ukiwa wary kuna kitu au mtu umemshtukia, hujathibitisha, ila humwachii mgongo. Meseji imeingia, "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani", au mtu anapiga anajifanya wa huduma kwa wateja anataka umtajie namba ya siri, hapo hauhitaji kukesha na wala hauhitaji kupanda mnarani, unahitaji kuwa wary. Kihusishi chake ni of, "be wary of anyone who asks for your PIN". Kwa hiyo ukiandika tangazo la kuwaonya wateja kuhusu matapeli, "be vigilant" peke yake haisemi kitu, mteja anabaki anajiuliza sawa nikeshe nikiangalia nini? "Be wary of" inakulazimisha umalizie sentensi, utaje chenyewe. Ndo faida yake.

Hatari zake mbili. Kwanza usijisifie nayo ovyo, "I am wary of customers" inamaanisha huwaamini wateja, na hakuna duka linatafuta mtu wa hivo. Pili, usiichanganye na weary. Weary ni mchovu, matamshi yake ni kama "wiari" wakati wary ni kama "weari", herufi moja tu imezidi lakini "I am weary of strangers" ni nimechoshwa na wageni, sio nawatilia shaka. Hata Waingereza na Wamarekani wenyewe wanalikosea hili kila siku kwa hiyo usiwaige tu kwa sababu ni wao. Ukisahau ipi ni ipi kumbuka wary ni ukoo mmoja na aware na beware.

Cautious inahusu mguu wako mwenyewe. Wale wengine wote wanatazama nje, cautious anatazama anachotaka kufanya yeye. Dereva cautious haovateki kwenye kona. Mwekezaji cautious hatii hela zote kwenye kuku wa kisasa msimu wa kwanza. Daktari cautious hakupi dawa kali kabla ya majibu ya maabara. Inaweza kuwa sifa na inaweza kuwa tusi la upole, bosi akikuambia kwenye tathmini kwamba wewe ni "a bit too cautious" anamaanisha unachelewesha mambo, unaogopa. Vigilant haina upande huo mbaya kirahisi.

Utaiona caution kwenye kile kibao cha njano cha sakafu imelowa, na kwenye mpira, sheria za soka kadi ya njano jina lake rasmi ni caution, na kadi zenyewe zilianza kutumika kombe la dunia Mexico 1970. Ina mantiki: refa hajakutoa, anakwambia pima hatua inayofuata. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani nayo tangu 2018 inapanga nchi kwa ngazi nne kwa ajili ya wasafiri wake, ya pili ni "Exercise increased caution", ya nne ni "Do not travel". Hawakuandika increased vigilance pale juu kwa sababu wanazungumzia uamuzi wa msafiri, utaenda wapi utapita njia gani saa ngapi. Maneno kama "stay alert" yanakuja chini kwenye ushauri, ukishafika sasa.

Watchful sina mengi. Ni jicho, na mara nyingi jicho la mkubwa kwa mdogo au la msimamizi kwa kazi, "under the watchful eye of her grandmother", mtoto anacheza uani bibi yuko kwenye mkeka anachambua mchele lakini hapitwi. Ina upole ambao vigilant haina. Na madaktari wana "watchful waiting", mfano sikio la mtoto limeanza kuuma, sio kali, daktari anasema tusikimbilie antibayotiki tumwangalie siku mbili tatu kwanza. Ukiandika "vigilant waiting" hakuna atakayekuelewa. Nje ya hapo watchful kwenye maandishi ya kazi huwa silitumii, linasikika la hadithi.

Sasa turudi kwa vigilant kuna mtego wa matamshi, na huu ni wetu sisi waswahili hasa. Waingereza wanakazia silabi ya kwanza, VI-ji-lant. Sisi tumezoea kukazia ya pili kutoka mwisho na tumezoea kumalizia na irabu, kwa hiyo inatoka vijiLANti, na hiyo ndiyo hasa wanavyotamka vigilante. Vigilante ni kitu kingine, ni Kihispania, kwao ni mlinzi tu wa kawaida, ila kwenye Kingereza ni raia aliyejichukulia sheria mkononi. Sifa yake mbaya ilikua sana San Francisco 1851, raia waliunda Committee of Vigilance wakasema serikali haifanyi kazi, wakakamata watu na wengine wakawanyonga. Kwa haki ya historia, sio kamati zote za jina hilo zilikuwa hivo, ile ya New York ya 1835 ya David Ruggles na wenzake ilikuwa inawalinda watu weusi wasitekwe na kuuzwa utumwani, na Ruggles huyo ndo alimhifadhi Frederick Douglass, mpinga utumwa maarufu, alipotoroka utumwani 1838. Na sungusungu walioanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi miaka ya mwanzo ya 80 kupambana na wezi wa ng'ombe, waandishi wa Kingereza wanawaita vigilantes. Kwa hiyo ukienda intavyuu ya kazi ya ulinzi kwenye kampuni ya wageni ukasema "I am very vijilanti", yule mzungu anaweza kusikia mimi ni mtu wa kupiga wezi mpaka wafe. Kaza mwanzo, meza mwisho. Na kwenye kuandika usiweke e.

Jina vigilance nalo utakutana nalo ofisini kwa sura mbili ambazo hazifanani. Kwenye dawa kuna pharmacovigilance, kufuatilia madhara ya dawa hata baada ya kuruhusiwa sokoni, TMDA, mamlaka ya dawa Tanzania, wanayo na Kenya iko chini ya Pharmacy and Poisons Board. Dunia ilijifunza kwa uchungu, dawa ya thalidomide ilipewa wajawazito wakazaliwa watoto wenye viungo visivyokamilika, ikaanza kuondolewa 1961, na WHO wakaanzisha mpango wao wa kimataifa 1968. Mkesha ule ule, dawa imeshapita vipimo vyote na bado kuna mtu anaiangalia. Ya pili ni ya Wahindi, ukifanya kazi na kampuni ya India ukaletewa imeili kutoka "Vigilance Department" usidhani ni walinzi wa geti, hao ni watu wa kupambana na rushwa, serikali yao ina Central Vigilance Commission tangu 1964. Jibu hiyo imeili haraka.

Haya, kuchagua sasa. Tangazo la ukutani la jengo, kama kuna tukio la sasa hivi andika "stay alert", kama ni ya kudumu "remain vigilant" inafaa ila taja na cha kuangalia, begi lililoachwa, mtu asiye na kitambulisho, la sivyo ni mapambo. Onyo la utapeli, wary of. Maelekezo ya mashine, dawa ya wadudu, umeme, ni caution na cautious, wala usifikirie mara mbili. Ripoti ya mgonjwa, alert. Barua ya kumsifia dada wa nyumbani anayelea mtoto, hapo ndo watchful inapendeza, au attentive kama unataka kusema anajali na sio anachungulia tu. Vihusishi: alert to danger, vigilant against fraud, vigilant for signs of infection, vigilant about passwords, wary of strangers, cautious about lending money. Against ni unapopambana na adui, for ni unaposubiri dalili, about ni unaposimamia jambo lako.

Na ile CV. "I am vigilant, alert, cautious and watchful" wameshaisoma mara elfu, hiyo ni kumwaga kamusi. Chagua moja ulifungie kwenye kazi uliyofanya kweli, kitu kama "Remained vigilant through twelve-hour night shifts and logged every vehicle in and out", mtu wa ajira anaona usiku, anaona daftari la magari, anaona kalamu. Kama kazi yako ilikuwa getini mchana kwenye foleni ya wageni, weka alert, "stayed alert to unattended bags at the main entrance". Kama ilikuwa kaunta ya hela, "wary of counterfeit notes" ni nzuri kuliko zote mbili, maana bosi wa kaunta hilo ndo linalomnyima usingizi.